Imeanza Lini?

Ukiingia kwenye chumba cha daktari, iwe zahanati ya kijijini au hospitali ya mkoa, swali linalofuata baada ya salamu na jina ni moja: "Imeanza lini?"

Tunajibuje? Wengi wetu, mwenye shahada na asiyewahi kukaa darasani, tunajibu vilevile: "Siku nyingi kidogo, daktari." Nyingi kiasi gani? Hapo tunaanza kuhesabu kwa matukio. Ilikuwa kabla ya msiba wa shangazi. Hapana, ilikuwa baada ya mavuno, maana nilibeba magunia. Mke anasahihisha kutoka kwenye benchi, mtoto anakumbuka vingine, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni anaandika anachoweza kuandika.

Naomba leo tukae na swali hilo. Ukiwa na jibu lake kamili, utajua lini utulie nyumbani, lini uende zahanati, na lini useme bila kuona haya: naomba nipelekwe kwa bingwa.

Wazee walituachia methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini nikiwatazama watu ninaoishi nao, naona wanaoficha ni wachache. Wengi wetu hatufichi, tunasubiri. Tunasubiri mwisho wa mwezi, tunasubiri mtoto amalize mtihani, tunasubiri mvua zianze tupande kwanza. Tunasubiri kwa nia njema kabisa, kwa ajili ya familia. Basi tatizo letu kubwa ni kalenda, na kalenda inatengenezeka.

Maradhi mengi madogo yana tabia ya kuondoka yenyewe. Mafua yanakaa wiki moja, pengine siku kumi. Tumbo la kuhara kwa mtu mzima mara nyingi linatulia ndani ya siku chache, ilimradi anywe maji ya kutosha. Mgongo uliokazwa na jembe hupungua ndani ya wiki chache. Ndiyo maana tumezoea kusema "litapita", na mara nyingi linapita kweli. Ila kikohozi cha siku nne na kikohozi cha wiki nne vinasikika sawasawa sikioni. Kinachovitofautisha ni tarehe.

Tuanze na hicho kikohozi, maana hakuna nyumba isiyokuwa nacho.

Kikohozi kikifika wiki 2, nenda ukapimwe kifua kikuu. Usingoje mpaka ukohoe damu. Usingoje mpaka ukonde. Jasho la usiku linalolowesha shuka, homa za jioni, hamu ya chakula kupotea: hizo zote zinaongeza sababu ya kwenda, lakini hata kikohozi peke yake kinatosha. Utaombwa makohozi katika kikopo. Toa yale ya kifuani, yale ya asubuhi kabla hujala, mate hayatoshi. Palipo na mashine ya GeneXpert, sampuli ikishaingizwa jibu linaweza kutoka kwa takribani saa 2. Kipimo ni bure na dawa ni bure. Matibabu ya kawaida yanachukua miezi 6, na mgonjwa anayemeza dawa zake vizuri anapona, anarudi kazini, anaoa au kuolewa kama watu wote. Uwezo wake wa kuambukiza wengine unashuka haraka baada ya kuanza dawa. Sasa ukisubiri miezi mitatu, nani analala nawe chumba kimoja? Ni wajukuu, si ndiyo?

Lakini si kila kikohozi kirefu ni kifua kikuu, na hapa ndipo mabingwa wanapoingia. Yuko anayekohoa usiku akilala chali, anaongeza mto wa pili, kisha wa tatu, na jioni viatu vinambana kwa sababu miguu imevimba. Huyo moyo wake unahitaji kutazamwa. Yuko aliyefanya kazi miaka mingi kwenye vumbi la mawe, mgodini au kwenye kusaga kokoto, na sasa anahema akipanda kilima kidogo. Huyu amwambie daktari kazi yake kabla hata hajaulizwa, kwa sababu vumbi la mawe linaharibu mapafu taratibu na kumfungulia kifua kikuu mlango. Ukipimwa makohozi na jibu likawa hakuna kifua kikuu, shukuru, halafu uliza swali la pili: "Sasa ni nini?" Jibu safi la maabara halijamaliza kikohozi chako.

Vivyo hivyo kwa homa. Sisi watu wa ukanda huu tumekua na malaria, tukisikia joto tu mwilini tunasema "nina malaria" kana kwamba ni jina la pili la homa. Leo kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, kinapatikana mpaka zahanati na kinatoa jibu ndani ya nusu saa. Pima kwanza. Ukikutwa nayo, maliza dawa mseto siku zote 3 hata kama siku ya pili umeamka na nguvu za kulima. Ukikutwa huna, usinunue dawa ya malaria "kwa usalama". Homa hiyo ina chanzo kingine, nacho kinaendelea na kazi yake wakati wewe unameza dawa isiyokihusu. Na homa ikibaki siku ya tatu baada ya kuanza matibabu, rudi pale pale ulipotibiwa. Kurudi si kumsumbua daktari. Anakutegemea urudi ili ajue alichokupa hakijatosha.

Kwa mtoto mdogo, hesabu ya siku haipo kabisa. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, anayepumua haraka huku mbavu zikibonyea ndani: huyo aondoke nyumbani sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku. Kichanga chini ya miezi miwili mwenye homa, naye ni sasa hivi. Mama mwingine ndani ya nyumba akisema "tungoje kupambazuke", mwambie kwa heshima, "Mama, huyu hangoji."

Na mjamzito? Anayetoka damu, anayeumwa sana kichwa huku macho yakiona ukungu, anayevimba uso, ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni, naye hangoji. Hapa Tanzania namba ya dharura ya m-mama ni 115, haitozwi, na kazi yake ni kuwatafutia usafiri akina mama wajawazito, waliojifungua na vichanga. Iandike ukutani karibu na mlango, aione hata mgeni wa nyumba.

Sasa tuje kwenye tumbo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani hakuna sehemu ya mwili tunayoivumilia kama tumbo.

Kuna mfuko mdogo wa plastiki katika nyumba nyingi. Unakaa juu ya kabati, au ndani ya kikapu cha mama, umekunjwa mara mbili na kufungwa na raba. Ndani mna vidonge vyeupe vikubwa vya kutafuna vya kiungulia, karatasi ya vidonge nusu imeliwa, kapsuli za rangi mbili ambazo hakuna anayekumbuka zilikuwa za nani, na dawa ya maumivu ya mgongo. Mwenye tumbo linalochoma anatafuna vile vyeupe, anapata nafuu, anaendelea. Mwezi unapita. Mwaka unapita. Akiulizwa anasema, "Nina vidonda vya tumbo," na mara nyingi hakuna daktari aliyewahi kumwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, au jirani alimwambia.

Je, tunajua kwamba vidonda vingi vya tumbo vinasababishwa na bakteria, na kwamba vinatibika vikapona? Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori. Anapimwa, na anatibiwa kwa dawa zaidi ya moja zinazomezwa pamoja, kwa kawaida kwa siku 14. Na je, tunajua kwamba baadhi ya dawa tunazomeza kwa ajili ya mgongo na magoti, kama diclofenac na ibuprofen, zinaweza kuchimba tumbo hilo hilo na kuumiza figo zikizoeleka? Kwa hiyo mtu anatibu goti asubuhi na tumbo jioni, na mfuko ule ule wa plastiki unamzungusha.

Kama unameza dawa ya kiungulia zaidi ya wiki mbili mfululizo, hiyo ni tarehe yako ya kwenda kupimwa. Na kuna dalili ambazo hazisubiri wiki wala siku: kutapika damu au kitu kinachofanana na unga wa kahawa, na choo cheusi kinachonata kama lami. Hiyo ni damu inayotoka ndani. Nenda hospitali, usipitie dukani.

Ipo dalili nyingine ambayo naomba muishike kuliko zote nilizotaja hapa. Ni chakula kukwama wakati wa kumeza. Inaanza kwa upole mno. Ugali mkavu unapita kwa shida, mtu anasukumia na maji. Baadaye ugali anauacha, anasema siku hizi haupendi. Anahamia wali laini, kisha mtori, kisha uji. Nyumba nzima inambadilishia chakula kwa upendo, na hakuna anayetambua kwamba imepita miezi minne. Saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula, inapatikana kwa wingi katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia, kupita Bonde la Ufa la Kenya na Tanzania, kushuka hadi Malawi. Kuijua kunahitaji kipimo cha kuingiza mrija mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, na zahanati haina kifaa hicho. Kwa hiyo wewe unayempikia mzee wako, wewe ndiye utakayeona mapema kuliko daktari yeyote. Siku unapoanza kumlainishia chakula mtu mzima aliyekuwa anakula kila kitu, andika tarehe. Ikipita wiki mbili, ombeni rufaa.

Yapo pia magonjwa yasiyo na siku ya kuanza, na hayo yanatupiga chenga sana. Presha haiumi. Sukari inaweza kukaa mwilini miaka bila kusema neno. Hapa tarehe ya kuandika ni ile ya kipimo cha mwisho. Wewe unayesoma, uliyevuka miaka 40, mara ya mwisho mkono wako kuvishwa kile kitambaa kinachobana ilikuwa lini? Kipimo kikisoma 140 juu au 90 chini, na kikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya kutibiwa hata kama unajisikia vizuri. Dawa zake ni za kila siku. Ninyi mlioanza dawa, mkajisikia safi, mkaacha: ninaelewa, maana nani anapenda kumeza kidonge wakati hana kinachomuuma? Lakini kule kujisikia safi ndiko kunakotupeleka kwenye kiharusi.

Na kiharusi chenyewe tukitambue. Mdomo unapinda upande mmoja. Mkono ukiinuliwa unaanguka. Maneno yanatoka yamevurugika. Yote yanaweza kuja ghafla, mtu akiwa anakunywa chai. Tazama saa yako hapo hapo, kumbuka dakika aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, na mpelekeni hospitali kubwa iliyo karibu. Yako matibabu yanayowezekana ndani ya saa chache za mwanzo tu. Familia inayoamini dua iombe, na iombe kwa moyo wote, ndani ya gari huku likienda.

Akina mama, uvimbe kwenye titi kwa kawaida hauumi unapoanza, na kutouma kwake ndiko kunakotudanganya. Chuchu inayoingia ndani, ngozi inayofanana na ganda la chungwa, damu kutoka kwenye chuchu: usikandie na maji moto. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au inayorudi baada ya hedhi kukoma kwa miaka, haina siku ya kusubiri hata moja. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ndiyo saratani tunayoweza kuizuia kuliko nyingi. Uchunguzi wa kupaka aina ya siki unachukua dakika chache, na kuna vituo vingi vya serikali vinavyoufanya. Binti zetu wa miaka 9 hadi 14 wanapata chanjo ya HPV inayokinga saratani hiyo, sasa dozi moja tu. Baba ukiletewa karatasi kutoka shuleni ya kuruhusu chanjo, isaini kwa furaha.

Akina baba nasi tuna letu. Kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, mkojo kusitasita, kutoka kidogokidogo: tunasema ni uzee. Inawezekana ni tezi dume iliyovimba tu, ambayo ina dawa. Inawezekana ni zaidi ya hapo. Kuna kipimo cha damu kinachosaidia kuanza uchunguzi, na maswali yanaulizwa faraghani na mtu aliyekula kiapo cha kutunza siri. Mke ambaye usingizi wake unakatwa kila usiku mlango wa choo unapolia, ana haki kabisa ya kusema, "Baba Fulani, kesho nakusindikiza."

Na kwa vile simu sasa ziko mikononi mwetu sote, naomba mfanye jambo dogo. Angalieni picha za watoto wenu zilizopigwa kwa mwanga wa flashi. Macho ya watoto mara nyingi yanatoka mekundu, na hilo halina neno. Mtoto ambaye picha baada ya picha jicho moja linatoka jekundu na lingine linatoka jeupe kama la paka gizani, apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho ambayo huwapata watoto wadogo. Ikiwahiwa, maisha ya mtoto yanaokoka, na mara nyingine jicho lenyewe pia.

Sasa, ni wapi pa kwenda?

Nchi yetu imepanga huduma kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda kama Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi, na za taifa kama Muhimbili. Juu kuna taasisi za mabingwa: Ocean Road kwa saratani, Jakaya Kikwete kwa moyo, MOI kwa mifupa na ubongo, Kibong'oto kwa kifua kikuu na magonjwa ambukizi. Nawasikia wengi wakisema, "Kwa nini nisiende moja kwa moja Muhimbili?" Kwa dharura, nenda popote palipo karibu. Kwa mengine, anzia chini. Mafua yako Muhimbili yatakugharimu nauli, foleni ya siku nzima na pengine bima isilipe, halafu utaandikiwa dawa ile ile ya zahanati.

Lakini wapo waliokaa chini mno. Wametibiwa zahanati mara ya kwanza, ya pili, ya tano, kwa tatizo lile lile, na heshima inawazuia kusema. Nawaombeni mjifunze sentensi mbili. Ya kwanza, mnapopewa dawa: "Nisipopona, nirudi baada ya siku ngapi?" Ya pili, mnaporudi: "Daktari, hii ni mara ya tatu kwa tatizo hili hili; unaonaje ukinipa rufaa?" Semeni kwa adabu. Tabibu mzuri haoni hilo kama dharau. Mara nyingi naye alikuwa analifikiria, akahofia kukutia gharama.

Ukipewa barua ya rufaa, usiiweke kwenye kabati. Barua hiyo ina matokeo ya vipimo na sababu ya kupelekwa, nayo inakuokolea kurudia vipimo. Beba kadi zako zote, picha za eksirei za zamani, na dawa zote unazotumia. Ule mfuko wa plastiki wa juu ya kabati, beba wote. Na mitishamba itaje pia. Bingwa hatakugombeza, anahitaji tu kujua nini kiko mwilini mwako kabla hajaongeza kingine. Nauli na gharama zikiwa kikwazo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kuhusu msamaha. Na mara kwa mara madaktari bingwa wanapiga kambi kwenye hospitali za halmashauri. Gari la matangazo likipita mtaani, zima redio usikilize tarehe.

Kazini nako kuna la kufanya. Wewe bosi wa karakana, mtu wako akiomba asubuhi moja kwenda kliniki ya presha, mruhusu. Ni nafuu kuliko kumkosa moja kwa moja. Wewe muuza duka la dawa, unawajua wanaorudi kila wiki kununua dawa ile ile ya kikohozi. Mwambie mmoja wao leo, "Kaka, hiki kikohozi chako nakikumbuka tangu mwezi uliopita." Kinyozi na msusi, ninyi mnaziona shingo zetu kwa nyuma, sisi wenyewe hatuzioni, mkigusa uvimbe, tuambieni taratibu. Dereva wa bodaboda, weka namba yako kwa wazee wa mtaa wako. Waganga wa tiba asili, wapo kati yenu wanaowaambia wanaokohoa wapite kwanza zahanati, nao wanaheshimika zaidi kwa sababu hiyo. Na katika kikundi cha kukopeshana, je, hatuwezi kutenga fungu dogo la nauli za rufaa?

Tumewahi kufanya makubwa zaidi ya haya. Mwaka 1973, kwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini kusikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakatoka hapo wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Walifanya hivyo kwa majembe yao na kwa kuelewana. Kalenda na kalamu ni kazi nyepesi zaidi.

Basi leo jioni, baada ya kula, waulize watu wa nyumbani mmoja mmoja: nani ana kitu kinachomsumbua, na tangu siku gani? Usisahau kumuuliza bibi, ambaye hatasema asipoulizwa. Usisahau dada wa kazi. Andika majibu, hata nyuma ya daftari la shule. Ukiwa na swali, namba 199 ya Wizara ya Afya inapigwa bila malipo. Na kama miongoni mwenu yuko ambaye kikohozi chake kimevuka wiki 2, mpelekeni kesho asubuhi. Kipimo cha kifua kikuu ni bure.